Kiboko Aliyekatwa na Fremu

Mpiga picha huyu anaijua Katavi. Katika slaidi zake za stereo, zilizopitishwa mkono kwa mkono hapa Mpanda, kiangazi cha Mto Katuma kimo chote: maji yamebaki madimbwi, na viboko wamebanana pale Ikuu kama viazi guniani. Lakini nathubutu kusema kuwa kazi nzuri ya kamera imeharibiwa mezani, wakati wa kupachika filamu kwenye fremu.

Slaidi ya stereo ni picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa na lenzi mbili zinazotengana karibu sawa na macho yetu, milimita 65 hivi. Ubongo huziunganisha na kupata kina. Visahani vya View-Master, vilivyotoka mwaka 1939, vilikuja na jozi saba zilizokwisha kupachikwa kiwandani. Huyu bwana amepachika mwenyewe.

Slaidi ninayoilalamikia zaidi ni ya kiboko aliyeachama. Kichwa kimetokeza mbele ya fremu kana kwamba kitakugusa pua, na papo hapo ukingo wa fremu umemkata taya. Kitu kilicho mbele ya dirisha kitakatwaje na dirisha? Dawa yake ni kuzitenganisha filamu mbili kidogo tu, sehemu ya milimita, na mandhari yote hurudi nyuma ya fremu. (Asizidishe: miti ya mbali ikitengana kuliko macho yenyewe, kila jicho hulazimika kutazama nje, upande wake.) Anayetaka uthibitisho asimame hatua mbili nyuma ya dirisha la darasa, afumbe jicho moja, kisha jingine. Jicho la kulia huona zaidi upande wa kushoto wa uwanja, na la kushoto huona zaidi upande wa kulia. Slaidi iliyopachikwa vema hufanya vivyo hivyo kingoni mwake. Somo hili halihitaji maabara.

Kosa la pili halionekani upesi, nalo ni baya zaidi. Katika slaidi sita filamu ya kulia imekaa juu kuliko ya kushoto. Macho huelekeana bila taabu tunapotunga uzi kwenye sindano. Lakini moja kupanda na jingine kushuka, hayakuzoea. Hujilazimisha, na malipo yake ni kichwa kuuma.

Vijana wawili niliotazama nao waliacha kwenye slaidi ya nne. Aliyeleta kifaa akawaambia wakapime macho. Hilo sikulikubali. Wapo kweli watu ambao macho yao hayashirikiani, ila hawa waliifurahia slaidi ya kwanza bila shida yoyote. Mtu anayeonyeshwa mbuga ya mkoa wake kwa namna hii mara ya kwanza asiitwe mgonjwa kwa sababu mwingine alikuwa na haraka.

Slaidi hiyo ya kwanza ni ya tambarare ya Chada, na nyati kwa mbali. Haina kishindo, hakuna kinachokurukia. Niliitazama muda mrefu, nikairudia kesho yake.