Mita Moja na Nusu ya Mwisho

Januari 31, 2013, mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dodoma na Tanga, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Chenga zikatoweka. Kazi ya kuzungusha antena nje huku mtu wa ndani akipaza sauti "hapo hapo, acha!" ikaisha, ving'amuzi vikaingia. Runinga bapa sasa zimejaa madukani, lakini ukichungulia nyuma ya runinga katika sebule nyingi za Dodoma bado utakuta nyaya tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Hizo ni nyaya za analojia. Nchi imehama na mitambo imehama, ila kipande cha mwisho kutoka king'amuzi hadi runinga, mita moja na nusu tu, hakijahama.

Nitakichambua kipande hicho kupitia kazi niliyoifanya Jumamosi moja ya Agosti nyumbani kwa mama mdogo, Ipagala, hapa hapa mjini. Kulikuwa na runinga ya inchi 43, king'amuzi cha dishi, deki ya DVD ya siku nyingi, na saundibaa yenye sabufa yake. Malalamiko yalikuwa matatu. Picha imepauka, na maandishi yanayopita chini wakati wa taarifa ya habari yanasomeka kwa shida. Sauti ina mvumo usiokoma, hasa usiku kukiwa kimya. Na akigusa ubavu wa king'amuzi akiwa pekupeku, kinamng'ata.

"Mwanangu," aliniambia, "mafundi wamekuja wawili. Wa kwanza kasema runinga mbovu, wa pili kasema ni umeme. Mimi nishike lipi?"

Hakukuwa na kifaa kibovu hata kimoja. Kilichokosewa ni njia.

Tuanze na safari yenyewe. Setilaiti ya matangazo imening'inia juu ya ikweta, takribani kilomita 36,000 kutoka ardhini. Picha na sauti vinashuka kutoka huko vikiwa tarakimu, sifuri na moja, zilizobanwa ili chaneli nyingi zitoshe kwenye njia moja. Dishi linazikusanya, kichwa chake kinazishusha masafa, na waya mnene wa dishi unazileta hadi king'amuzi. King'amuzi kinazifungua. Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Kisha fundi anachomeka waya wa njano, na king'amuzi kinalazimika kugeuza tarakimu zile kuwa wimbi la umeme. Runinga, ambayo nayo ni kifaa cha dijitali, inalipokea wimbi na kulirudisha kuwa tarakimu. Ni sawa na kuchapa barua kwa kompyuta, kuinakili upya kwa mkono, halafu mwenzako akaichapa tena kwa kuangalia mwandiko wako.

Hasara yake inapimika. Waya wa njano hapa kwetu unabeba picha ya mistari 576 inayoonekana. Ukiihesabu kwa nukta ni 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Waya wa HDMI, unaopeleka tarakimu zilezile bila kuzigeuza, unabeba picha ya 1920 kwa 1080, nukta 2,073,600. Gawanya, utapata mara tano kamili. Kuna jingine zaidi ya hesabu ya nukta: katika waya wa njano, mwanga na rangi vimechanganywa kwenye uzi mmoja, na runinga inapovitenganisha haiwezi kuvitenganisha kikamilifu. Ndiyo maana rangi nyekundu humwagika nje ya mstari na kingo za herufi hutetemeka. Chaneli nyingi bado zinarushwa kwa ubora wa kawaida, na HDMI haitaongeza kisichorushwa. Lakini hata chaneli hizo hupona ule mchanganyiko wa rangi, na mama mdogo akaweza kusoma habari bila miwani ya pili.

HDMI ilizinduliwa Desemba 2002 na kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Hitachi. Kichwa chake cha kawaida kina pini 19. Tatu kati ya njia zake hupitisha picha pamoja na sauti, na ya nne hupiga mapigo ya saa ili pande zote mbili zihesabu kwa mwendo mmoja. Pini nyingine ni za mazungumzo, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Unapochomeka waya, king'amuzi hupeleka volti 5 kwenye runinga. Runinga hukijibu kwa pini ya 19 kwamba ipo, kisha king'amuzi husoma maelezo yake: ina ukubwa gani wa picha, inapokea sauti za aina gani. Baada ya hapo hukaguana pia funguo za ulinzi wa hakimiliki. Mazungumzo haya huchukua sekunde chache. Yakikatika katikati, kioo kinabaki cheusi, na mtu anahukumu kwamba waya umekufa. Mara nyingi dawa ni kuzima vyote, kuwasha runinga kwanza, kuchagua ingizo sahihi kwa rimoti, ndipo kuwasha king'amuzi.

Kwa mama mdogo nilichomoa waya wa njano, nikachomeka HDMI, na picha ilikuja mara moja, ila haikuwa nzuri kama nilivyotarajia. Nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi: bado ilikuwa imewekwa 576. King'amuzi kilikumbuka enzi ya waya wa njano. Nikapandisha hadi 1080, kioo kikazimika kidogo, kikarudi na picha nyingine kabisa. Ukibadilisha waya bila kugusa mpangilio huu, umefanya nusu ya kazi.

Kuhusu bei ya waya, niseme wazi kwa sababu watu wanaibiwa. Picha ya 1080 inahitaji takribani biti bilioni 4 na nusu kwa sekunde. Kwa umbali wa mita moja na nusu, waya wowote uliotengenezwa vizuri unazifikisha zote. Biti zikifika zimefika, na dhahabu kwenye kichwa cha waya haiwezi kuongeza rangi ya majani. Waya dhaifu hujulikana kwa vidoa vinavyomulika kama vimulimuli au picha inayozimika na kurudi, kamwe si kwa picha iliyopauka kidogo. Fedha ya ziada itumie pale tu unapovuka mita kama tano, au unapobeba picha ya 4K. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilifikia biti bilioni 18 kwa sekunde, na 2.1 la mwaka 2017 likafikia bilioni 48, na hapo ubora wa waya una maana kubwa.

Sasa sauti, ambako kuna uamuzi wa kweli wa kufanya. Saundibaa ya mama mdogo ilikuwa na milango mitatu: ule wa nyaya nyekundu na nyeupe, uliokuwa ukitumika kutoka king'amuzi, HDMI yenye alama ya ARC, na mlango mdogo wa mraba wa waya wa mwanga. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na kazi yake ni kurudisha sauti kutoka runinga kwenda spika kwa waya uleule. Waya wa mwanga ni mkubwa kwa umri. Toshiba waliutoa mwaka 1983, enzi za mwanzo za CD. Ndani yake hamna shaba. Kuna uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu unaowaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde.

Kabla ya kuchagua nilitaka kujua mvumo unatoka wapi. Nikaacha spika zikiwaka, sauti juu kidogo, nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Nilipochomoa deki, mvumo uliendelea. Nilipofungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, mvumo ukakatika papo hapo, kama mtu aliyefunga bomba.

Jibu likapatikana. Runinga, king'amuzi na saundibaa vyote vilikuwa na plagi za miguu miwili, visivyo na ethi. Vifaa vya namna hii huvujisha umeme kidogo sana kutoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye maganda yake. Hautoshi kuumiza, ila unatosha kumng'ata mtu mwenye miguu peku. Umeme huo hutafuta njia ya kwenda ardhini, na nyumba hii ilikuwa nayo: dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa uani. Basi ukawa unatoka saundibaa, unapita kwenye ganda la waya mwekundu na mweupe, unaingia king'amuzi, unapanda waya wa dishi na kushuka ardhini. Ganda lile la waya wa analojia ndilo pia njia ya kurudi ya sauti. Kwa hiyo mapigo 50 kwa sekunde ya umeme wa gridi yakachanganyika na sauti ya msomaji wa habari.

Nikajaribu ARC kwanza. Mvumo ulipungua sana lakini haukuisha, kwa sababu HDMI nayo ina ganda la chuma linalounganisha kifaa na kifaa. Nikaiondoa, nikachukua waya wa mwanga. Hapa kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi: vichwa vya waya huu huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu. Watu huvisukuma ndani pamoja na waya, mlango unavunjika au sauti haitoki. Nikavitoa vyote viwili, nikachomeka upande wa runinga, nikakinga upande wa pili kwa kiganja. Kidoti chekundu kikaonekana juu ya ngozi. Mama mdogo alisogea kukitazama. Kisha nikachomeka kwenye saundibaa, na chumba kikawa kimya. Huo ndio ukimya niliokuwa nautafuta. Mwanga umevuka, umeme umebaki ng'ambo.

Sauti ya king'amuzi haikutoka mara moja, nayo ilikuwa na sababu. Runinga ilikuwa inapeleka sauti ikiwa bado imebanwa kwa mfumo wa Dolby, na saundibaa hii haijui kuufungua. Kwenye menyu ya sauti ya runinga nikachagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, ikaitika. Ukikutana na ukimya wa namna hiyo, usirudishe spika dukani kabla hujagusa chaguo hilo.

Nilichomeka waya wa mwanga kwenye runinga, sikuuchomeka kwenye king'amuzi, kwa sababu mbili. Kwanza, chochote kinachoingia kwenye runinga, kiwe deki au flashi, sauti yake inatoka kwa waya huo mmoja. Pili, runinga huchukua muda kidogo kusafisha picha kabla ya kuionyesha. Sauti ikipita njia ya mkato kutoka king'amuzi, inatangulia midomo, na spika wa Bunge anasikika kabla hajafungua kinywa. Ikipita kwenye runinga, husubiri picha yake.

Je, tulipoteza kitu? Ndiyo, viwili. ARC ingemwezesha kutumia rimoti moja kwa sauti na picha. Na waya wa mwanga haubebi sauti za njia nyingi bila kubanwa: unabeba njia mbili kamili, au 5.1 iliyobanwa. Kwa saundibaa yenye njia mbili na sabufa, hilo la pili halina uzito. Mwenye ampulifaya ya spika tano au saba afuate njia nyingine: vifaa vyote viingie kwenye ampulifaya kwa HDMI, na HDMI moja itoke kwenda runinga. Deki ya zamani nikaiacha na waya wake wa njano. Haina mlango wa HDMI, na diski ya DVD yenyewe haizidi mistari 576.

Limebaki la usalama, na hili ni la Dodoma hasa. Mji huu hupata mvua chini ya milimita 600 kwa wastani wa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki udongo unakauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo ya ethi iliyopimwa Februari inaweza kuwa dhaifu ifikapo Septemba. Kisha mvua za kwanza huja na radi. Dishi liko nje, na kutoka hapo shaba inaongoza hadi king'amuzi, na kwa HDMI hadi runinga. Mlango wa HDMI una saketi laini sana. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi mwishoni mwa kiangazi, na bomba la dishi liunganishwe na ethi ya nyumba. Wingu likianza kukusanyika, chomoa plagi na waya wa dishi mapema, wala usisubiri ngurumo. Na siku yoyote ya kuchomeka HDMI, zima kwanza swichi za ukutani. Vumbi la Agosti nalo lina lake: milango isiyotumika izibwe, na ya mwanga isafishwe kwa brashi kavu.

Kazi yote ilichukua chini ya saa mbili na nyaya mbili mpya. Hakuna kifaa kilichonunuliwa, hakuna kilichotupwa. Ndugu zangu mafundi, kabla hamjamwambia mtu runinga yake ni mbovu, geuzeni nyuma mtazame rangi ya waya. Nawe msomaji, kama king'amuzi chako na runinga yako vyote vina mlango wa HDMI na bado kuna waya wa njano kati yao, uchomoe leo.