Mamba Wana Kitabu, Chura Bado

Eyelids of Morning cha Alistair Graham na Peter Beard kilitoka 1973, na mpaka leo mtu akitaja kitabu cha wanyama watambaao wa Turkana, mara nyingi ni hicho. Jina limechotwa kwenye Ayubu 41, pale linapoelezwa lile dubwana la majini. Katikati ya miaka ya 60 hao wawili walikaa kwenye ziwa, wakati huo likiitwa Rudolf (jina la Turkana lilikuja 1975), wakichunguza mamba kwa niaba ya serikali. Ili kuwachunguza waliwaua mamba 500 hivi.

Wacha niseme ukweli, picha za Beard ni kali. Meno, ngozi yenye maji, upepo unaopiga kila kitu. Graham naye ni mkavu na mcheshi, si mtu wa kukubembeleza. Shida yangu ni ukubwa. Kitabu kinaamini kwamba mnyama anastahili kutazamwa tu kama anaweza kukumeza.

Sasa njoo Nadapal. Nazungumzia ile ya karibu na Lodwar, kando ya Turkwel, si ile ya mpakani na Sudan Kusini. Hapa kuna mtama, kunde, mifereji, na mathenge inayonyemelea kila kipande kilichoachwa. Asubuhi mjusi dume mwenye kichwa cha rangi ya chungwa anapiga pushapu juu ya jiwe, eti mwenye shamba ni yeye. Usiku mjusi kafiri wako ukutani karibu na taa. Mvua ikinyesha, au mfereji ukifunguliwa, vyura wanaanza kelele zao, na hapo ndipo hadithi inaanza. Maji yanaleta chura, nafaka inaleta panya, na wote wawili wanaleta nyoka. Shamba lenyewe ndilo linalowaalika.

Kati ya wanaokuja kuna mmoja mfupi, rangi ya mchanga, anayejikunja na kusugua magamba yake mpaka yanatoa sauti kama mafuta kwenye kikaango. Vitabuni ni Echis pyramidum. Hana umbo la kuwekwa kwenye jalada. Lakini mwanamke anayepalilia akiwa na ndala atakutana na huyu, si mamba, na sumu yake huzuia damu kuganda. Dawa iliyotengenezwa kwa ndugu zake wa India haifanyi kazi vizuri kwa huyu wa kwetu, kwa hiyo kumtambua si mambo ya watalii. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa 2017. Juzi tu, yaani.

Yuko kitabuni, lakini ni kitabu kingine. Field Guide to East African Reptiles cha Spawls, Howell, Hinkel na Menegon (2018) kina karibu spishi 500 za nchi tano, na kwangu ni kazi bora kuliko ya Graham na Beard, japo hakuna atakayekiweka mezani sebuleni kujionyesha. Kinamtazama mjusi wa inchi tatu kwa heshima ileile anayopewa chatu. Chura hawamo, hao utawatafuta kwa Channing na Howell, 2006. Kuna mmoja mwenye jina la Turkana kabisa, Sclerophrys turkanae, aliyeelezwa kisayansi 1985, miaka 12 baada ya mamba kupata kitabu chao kizima, na amepatikana sehemu chache tu.

Lakini hata hivi vizuri vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa mtu mwenye gari na darubini. Anayepalilia ndiye anayewaona hawa kila siku, anajua saa wanazotoka na magugu wanayojificha, na hayumo: si kama msomaji, si kama shahidi. Kwenye Eyelids of Morning angalau watu wa ziwani wanapigwa picha. Mimi ningependa kusoma ukurasa mmoja tu, wa Kiturukana au Kiswahili, wenye picha ya yule nyoka wa mchanga, uliobandikwa mlangoni pa ghala la mtama.