Dude Lipo Majini au Angani? Taharuki ya Darwin's Nightmare Inavyojengwa na Inavyokatika

Kivuli cha ndege kinateleza juu ya maji ya Ziwa Victoria, na ndege yenyewe hatuioni. Halafu tunaingizwa ndani ya mnara wa kuongozea ndege wa uwanja wa Mwanza. Mwongozaji yuko peke yake. Sauti ya rubani inakuja redioni ikikatikakatika, mdudu anagongagonga kioo cha dirisha, na mwongozaji anamwinda mpaka anamponda palepale kwenye kioo. Nje, dude la chuma linakaribia kutua. Hakuna damu wala kelele, na tayari mtazamaji amekaa vibaya kwenye kiti. Hivyo ndivyo Hubert Sauper, Mwaustria anayeishi Ufaransa, alivyofungua Darwin's Nightmare, filamu ya matukio halisi ya dakika 107 iliyotoka mwaka 2004. Mimi sijaona filamu nyingine iliyopigwa katika ukanda wetu wa ziwa yenye dakika za mwanzo zilizokazwa namna hii.

Mwaka 2006 filamu hii ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa kama filamu bora ya kwanza ya mtengenezaji wake, na ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka huohuo huku kwetu Tanzania iliwasha moto. Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi, na Mwanza watu waliandamana kuipinga. Mabishano yote yalihusu kama iliyoyasema ni kweli au uongo. Suala la ufundi halikupewa nafasi, na mimi naamini sehemu kubwa ya hasira ile ilizaliwa na ufundi wenyewe: filamu iliahidi kutuonyesha dude, ikatukalisha roho juu zaidi ya saa moja, kisha haikulitoa.

Maana Sauper, ingawa anapiga watu halisi katika mji halisi, ametumia mifupa ya filamu ya kutisha. Kuna kiumbe mgeni aliyeingizwa majini na mikono ya binadamu. Kuna mji wa pwani unaomtegemea na kuangamizwa naye kwa wakati mmoja. Kuna wageni wanaojua jambo na hawasemi. Hata jina la filamu linaahidi jinamizi.

Kiumbe mwenyewe ni sangara. Si mzawa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, upande wa Uganda. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na anakula samaki wenzake. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 hakuonyesha makucha yake. Wavuvi walimpata mmoja leo, mwingine baada ya siku kadhaa, na furu, samaki wadogo wazawa wa ziwa hili, waliendelea kujaa kwenye makokoro kama kawaida. Kisha ikaja miaka ya 1980, akalipuka. Katika Ghuba ya Mwanza, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, ambao walikuwa wakiwachunguza furu tangu miaka ya 1970, walishuhudia nyavu zao zikitoka na sangara watupu mahali ambapo zamani zilitoka na furu wa kila rangi. Ziwa lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufika 500, na inaaminika mamia kadhaa zilipotea.

Hapo ndipo ninapomlaumu Sauper kwa mara ya kwanza. Zaidi ya miaka 20 ya ukimya, kiumbe akiwa tayari ndani ya maji na kila mtu akiendelea na shughuli zake, ni taharuki ambayo mwandishi wa filamu angeililia. Ziwa lenyewe liliipanga. Yeye anaipita kwa maelezo mafupi. Sangara anapotokea kwenye filamu amekwisha kufa, amelala sakafuni kiwandani au amebebwa begani na mvuvi, mkubwa na wa kushangaza, lakini hana tena uwezo wa kumtisha mtu. Steven Spielberg, alipotengeneza Jaws mwaka 1975, papa wake wa mashine aliharibikaharibika baharini, ikabidi afichwe. Tunakaa zaidi ya saa moja tukiona mapezi, maboya na maji yanayotikisika kabla ya kumwona vizuri. Ubovu wa mashine uliiokoa filamu. Sauper hakuwa na sababu ya kumficha samaki ambaye anapatikana kila alfajiri kwenye mwalo wa Kirumba, hivyo dude lake la kwanza linaishiwa nguvu mapema. Na linapomaliziwa kabisa ni pale mwenye kiwanda anapotuonyesha samaki wa plastiki aliyebandikwa kwenye ubao, anayetikisa mkia na kuimba.

Kama filamu ingesimama juu ya samaki tu, ingekuwa imekufa hapo. Kinachoifanya iendelee kupumua ni kwamba tangu kile kivuli cha mwanzo Sauper amekuwa akijenga dude la pili, nalo ni ndege. Mbegu ya wazo hili, kama alivyoeleza mwenyewe, ilipandwa mwaka 1997 alipokuwa akipiga filamu kuhusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo. Mwanza aliona ndege mbili kubwa zikiwa uwanja mmoja: moja imeleta njegere za msaada kwa wakimbizi, nyingine inaondoka na minofu ya samaki kwenda Ulaya. Akaanza kujiuliza juu ya mizigo. Filamu nzima ni swali hilo moja, likiulizwa tena na tena kwa watu tofauti: ndege hizi zinapokuja Mwanza zinaleta nini?

Tazama jinsi anavyoliuliza. Hakuna msimulizi wa kutuongoza. Kuna maandishi machache kwenye skrini na sauti ya Sauper mwenyewe nyuma ya kamera, ya upole, kama ya mtu anayeuliza njia. Anawauliza marubani, anawauliza watu wa uwanja wa ndege, anawauliza wenye viwanda. Hazileti kitu, anajibiwa. Zinakuja tupu. Sijui. Kila jibu ni fupi kuliko lilivyopaswa kuwa, na kamera haiondoki usoni kwa mtu baada ya kujibu. Inabaki. Sekunde zile za ziada, mtu akiwa amemaliza kusema na bado anatazamwa, ndizo zinazofanya kazi yote. Mhariri mwingine angezikata. Sauper amejua kwamba hofu inakaa pale, kwenye macho yanayohama.

Kazi ambayo John Williams aliifanya kwa noti mbili katika Jaws, hapa inafanywa na ngurumo za injini za Ilyushin. Ndege zile za mizigo za Kirusi, aina ya Il-76, hubeba tani zinazokaribia 50, na mtu aliyewahi kuishi karibu na uwanja wa Mwanza hahitaji kuelezwa mlio wake unavyoingia mpaka kwenye mabati. Sauper anauingiza mlio huo kabla ya picha, mara kwa mara, hata kwenye mandhari ya watoto au ya sokoni. Anatuonyesha pia mabaki ya ndege zilizoanguka, yametelekezwa kandokando ya njia ya kurukia. Na hofu hiyo haikuwa ya kubuni: Machi 2005, mwaka uliofuata baada ya filamu kutoka, Il-76 iliyosheheni samaki ilitumbukia ziwani muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mwanza, na watu wote 8 waliokuwemo walikufa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya hawakuweza kuliona. Taharuki inategemea mtazamaji anajua nini. Alfred Hitchcock alikuwa akilifafanua kwa mfano wa bomu chini ya meza: mtazamaji akijua lipo, mazungumzo ya kawaida kabisa ya watu walioketi hapo yanamtoa jasho. Mtazamaji wa Vienna au Paris anaingia hajui chochote, na kwake samaki mkubwa, mji wenye jua kali na ndege za Kirusi ni giza moja. Mtazamaji wa Mwanza anamjua sangara. Ni kitoweo, ni mshahara wa kiwandani, ni ada ya shule, ni nyumba iliyojengwa Nyegezi. Huwezi kumtisha kwa sangara. Kwake filamu inaanza kutisha pale inapoulizia habari ya mizigo, kwa sababu uwanja ule ni wake, na ndege zile zilipita juu ya paa lake miaka yote hajawahi kujiuliza zilikuja na nini. Bomu limewekwa chini ya meza yake mwenyewe. Kwa hiyo yeye ndiye anayedai jibu kwa nguvu zaidi, na yeye ndiye ambaye filamu inamwacha mikono mitupu.

Jibu linakuja kwa njia mbili. Mwandishi wa habari Richard Mgamba anazungumzia silaha zinazosafirishwa kwenda kwenye vita vya kanda hii. Na karibu na mwisho, rubani mmoja, baada ya kuzungushwa kwa muda mrefu, anasema kwa taabu kwamba aliwahi kubeba silaha nzito kupeleka Angola, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Uso wake unasema zaidi ya maneno. Kama tukio la binadamu mmoja kubanwa na dhamiri, ni zuri mno. Lakini kama malipo ya taharuki iliyojengwa kwa saa nzima na zaidi, halitoshi. Swali lilikuwa Mwanza. Jibu ni Angola. Kreti hazikufunguliwa mbele yetu, hati ya mizigo hatukuonyeshwa, na dude la pili linabaki kivuli kama lilivyoanza.

Katika filamu ya kubuni, hilo lingeruhusiwa. Mtengenezaji ana haki ya kuliacha zimwi gizani hadi mwisho, na wapo waliofanya hivyo kwa mafanikio makubwa. Katika filamu inayotaja mji kwa jina na kupiga sura za watu wanaoishi humo, ukimya huohuo unafanya kazi tofauti: unageuka kuwa tuhuma. Mtazamaji anatoka akiwa na uhakika wa jambo ambalo hakuonyeshwa, kwa sababu ameshikiwa pumzi muda mrefu kiasi cha kuamini kwamba lazima kuwe na kitu. Mbinu imemfikisha mahali ambapo ushahidi haukufika. Nafikiri hiki ndicho kilichowachoma watu wa Mwanza, hata wale waliokubali kwamba umaskini uliopigwa picha ni wa kweli. Mwanahistoria François Garçon wa Ufaransa aliandika kitabu kizima kuishambulia filamu; Sauper alimshtaki kwa kumchafulia jina na akashinda kortini. Ushindi wa kortini, hata hivyo, hauwezi kuziba pengo lililo ndani ya muundo wa filamu.

Cha ajabu ni kwamba matukio yanayotisha kweli hayakutegemea kuficha chochote. Mandhari ya mapanki yamepigwa mchana kweupe: mifupa ya samaki baada ya minofu kuondolewa, imeanikwa kwenye chanja, funza wamejaa, watu wanatembea katikati yake kama kazini popote. Mama mmoja anaeleza jinsi hewa ile inavyoharibu macho. Serikali ilisisitiza kwamba mapanki yale ni ya chakula cha mifugo; aliyezunguka mitaa ya Mwanza anajua vilevile kwamba mapanki ya kukaanga yana wateja. Sauper anaweka kamera na kuiacha ione, na mtazamaji hana pa kujificha.

Na yupo mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelipwa dola moja kwa usiku, aliyeipata nafasi hiyo kwa sababu aliyekuwepo kabla yake aliuawa. Amepigwa picha karibu sana, kwa mwanga hafifu, macho mekundu yakitokeza gizani. Kwa sura, ni picha kamili ya filamu ya kutisha. Kisha anaanza kuzungumza, kwa utulivu na akili, na anaeleza kwamba vita vingekuwa nafuu kwa wengi maana jeshini kuna mshahara. Sauper hapa amefanya jambo gumu: ametumia mwanga wa zimwi kumpiga mtu ambaye si zimwi, halafu akaacha maneno yake yavunje mwanga ule. Hofu inahama kutoka usoni pake kwenda kwenye anachokisema. Ni tukio bora kuliko yote katika filamu.

Kifo cha binti anayeimba wimbo wa kuipenda Tanzania mbele ya marubani nacho kimepangwa kwa ustadi. Filamu za kutisha kwa kawaida humtoa mtu wa kwanza mapema, kabla hatujamzoea. Sauper anatupa muda wa kumjua, sauti yake, aibu yake, ndoto yake ya kusoma, ndipo tunaelezwa kwamba ameuawa na mteja wake wa ukahaba. Hakuna muziki wa kutuandaa. Baada ya hapo kila rubani anayecheka kwenye filamu tunamtazama kwa jicho lingine.

Ziwa limeendelea na hadithi bila Sauper. Sangara amevuliwa kupita kiasi mpaka sheria ikabidi imlinde, asiruhusiwe kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50. Mabondo yake yametafutwa na soko la China kwa bei inayoipita ya minofu. Na baadhi ya furu wamerudi.

Kama ningekaa kwenye meza ya uhariri ya filamu hii, ungamo la rubani ningelitoa mwishoni na kuliweka kabla ya nusu. Tungejua mapema anachokijua na asichokijua, swali la mizigo ya Mwanza lingebaki wazi kwa haki, na nusu ya pili yote, yenye mapanki, mlinzi na kifo cha yule binti, ingesimama kwa nguvu zake bila kuazima giza la ndege.