Kupima Nini, kwa Lugha Gani? Tahakiki ya Dhana ya Ufundishaji Tofautishi katika Sekondari za Kolwezi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuihakiki dhana ambayo sasa ni sehemu ya kawaida ya mazungumzo kuhusu mafunzo ya walimu wa sekondari, yaani ufundishaji tofautishi, pamoja na jambo lisilotengana nayo, upimaji wa wanafunzi. Eneo tunalolilenga ni Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Hoja yetu ni kwamba dhana hii, inapopokelewa bila kuhakikiwa, humfundisha mwalimu kuzitazama tofauti nyingi za wanafunzi na kuiacha ile iliyo kubwa zaidi katika mji huo: tofauti kati ya lugha ambayo mwanafunzi huelewa kwayo na lugha ambayo hupimwa kwayo.

2.0 Chimbuko la Dhana

Kongo iliipokea dhana hii hasa kwa njia ya Kifaransa. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1975 iliwakusanya watoto wote waliomaliza shule ya msingi katika sekondari ya awali ya aina moja. Walimu waliozoea wanafunzi waliochujwa walijikuta mbele ya darasa lenye viwango vingi. Louis Legrand, na baadaye Philippe Meirieu katika kitabu chake cha mwaka 1985, walipendekeza njia mbalimbali za kufikia lengo lilelile. Nchini Marekani, Carol Ann Tomlinson aliifafanua dhana hiyohiyo mwaka 1999 kwa mambo matatu ambayo mwalimu anaweza kuyabadilisha: maudhui, mchakato na matokeo ya kazi ya mwanafunzi.

Hatuna ugomvi na wataalamu hawa. Yafaa tu kukumbuka kwamba waliandika katika nchi ambazo lugha ya kufundishia ndiyo lugha ya nyumbani ya wanafunzi walio wengi. Tofauti ya lugha ilikuwa suala la wachache. Kolwezi ni suala la darasa zima.

3.0 Hali ya Lugha Kolwezi

Kiswahili kiliota mizizi katika ukanda wa shaba pamoja na migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Kambi zake za wafanyakazi, pamoja na shule za misheni, ziliifanya lugha hii kuwa ya kazi na ya mtaa. Johannes Fabian, katika uchunguzi wake wa mwaka 1986, ameonyesha jinsi serikali ya kikoloni, wamisionari na makampuni walivyoshiriki kuijenga na kuidhibiti. Leo mtoto wa Manika au Dilala huweza kuwa na Kisanga, Kilunda, Kiluba au Kichokwe nyumbani, lakini uwanjani na sokoni huzungumza Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha hizo shuleni. Hata hivyo, sekondari hufundisha kwa Kifaransa, walimu wake huandaliwa kwa Kifaransa, na mtihani wa dola unaohitimisha masomo hufanywa kwa Kifaransa, sehemu yake kubwa ikiwa maswali ya kuchagua jibu.

Katika mfumo kama huu, alama ya chini ina maana mbili. Ama mwanafunzi hakuelewa kemia, ama hakuelewa swali. Karatasi haimwambii mwalimu ni ipi kati ya hizo. Na pasipo kujua hilo, atatofautisha nini?

4.0 Istilahi na Maana Zake

Lugha yetu yenyewe hutusaidia kuona tatizo. Kitenzi kutofautisha kina utata: mtu anaweza kuwatofautisha wanafunzi, au anaweza kutofautisha njia wanazopitia. La kwanza lina jirani mbaya, kubagua. Wakati wa ukoloni watoto wa Kizungu na wa Kiafrika walisoma mbalimbali katika miji hii ya migodi, na mzazi anayesikia kwamba mwanawe amewekwa katika kundi la wanyonge ana sababu ya kuuliza. Kwa hiyo tunapendekeza mwalimu mwanafunzi afundishwe tangu siku ya kwanza kwamba kinachotofautishwa ni njia. Lengo ni moja kwa wote.

Istilahi za upimaji nazo zina mafunzo. Mtihani, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba pia maana ya dhiki anayojaribiwa nayo mtu. Tathmini inatokana na thamani: kutathmini ni kukisia bei. Kupima ni kulinganisha kitu na kipimo kinachojulikana. Kwa kazi ya kila siku darasani, istilahi ya tatu ndiyo bora, kwa kuwa inaruhusu kipimo chenyewe kuhojiwa. Wanafunzi wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kwa miaka mingi wachimbaji wa mikono wamelalamikia mizani ya wanunuzi na kile kifaa waitacho Metorex, kinachosoma kiwango cha madini katika mawe yao. Wanajua kwamba gunia lilelile hupata bei mbili kulingana na kipimo. Alama ya shule nayo hupanga bei ya mtu.

5.0 Mfano wa Darasani

Tuchukue somo la kemia juu ya madini ya shaba. Mwanafunzi mmoja ameyaona malakiti, mawe ya kijani, tangu utotoni. Anaweza kueleza kwa Kiswahili namna yanavyotofautiana na mawe meusi yenye kobalti. Akitakiwa kuandika kwa Kifaransa, hutoa nusu sentensi. Mwenzake amekariri fasili ya daftari bila kosa, lakini akionyeshwa jiwe hawezi kulihusisha na fasili hiyo. Upimaji wa kawaida humpa wa pili alama ya juu.

Mwalimu aliyefunzwa vizuri angeandika kigezo kimoja: mwanafunzi aeleze kwa nini jiwe hili huhesabiwa kuwa muungano wa kikemia wa elementi. Kisha angefungua njia tatu: maelezo ya mdomo kwa Kiswahili, mchoro wenye majina ya Kifaransa, na aya ya Kifaransa. Angeweka alama mbili zisizochanganywa, moja ya kemia na moja ya lugha. Wa kwanza angejulikana kuwa anahitaji Kifaransa cha kemia. Wa pili angejulikana kuwa anahitaji kemia.

6.0 Pingamizi

Watasema baadhi kwamba madarasa ni makubwa. Ni kweli, na ndiyo maana njia ziwe chache na swali liwe fupi. Maswali mawili mwishoni mwa kipindi, na madaftari kupangwa mafungu matatu, humpa mwalimu habari ya kutosha kuandalia kipindi cha kesho.

Watasema wengine kwamba mtihani wa dola hautasubiri Kiswahili. Pingamizi hili lina uzito. Lakini kuficha udhaifu wa Kifaransa ndani ya alama ya kemia hakuuondoi. Tanzania inatoa onyo: Criper na Dodd walionyesha mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Tatizo lilijulikana, lugha ya kufundishia ikabaki ileile.

Pingamizi la tatu linatuhusu sisi wa taaluma ya Kiswahili. Tusidhani kwamba dawa ni kupeleka Kolwezi vitabu vya Dar es Salaam. Mtoto anayesema batoto kwa watoto, na masomo kwa maana ya shule, huitazama lahaja sanifu, iitwayo huko Kiswahili bora, kama lugha ya wenyewe. Tukimpima kwa usanifu tunaoujua sisi, tutakuwa tumebadilisha kizuizi tu.

7.0 Hitimisho

Ufundishaji tofautishi hauwezi kutangulia upimaji wa haki, unautegemea. Vyuo vinavyoandaa walimu wa Lualaba havina budi kuanza na swali dogo juu ya kila zoezi: hapa ninapima nini, na lugha inaingiaje? Idara zetu nazo zina deni la istilahi za sayansi zitakazokusanywa pamoja na walimu wa Katanga, kutokana na maneno yanayosemwa migodini na darasani mwao. Deni hili ni la zamani. Mwaka 1974 wanaisimu wa nchi hiyo walikutana Lubumbashi kujadili nafasi ya lugha za taifa, zikiwemo lugha hizi shuleni. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule sasa wana wajukuu shuleni.