Anayejibu Kabla ya Kuulizwa

Mzazi Mwislamu anayemleta mtoto katika shule ya kanisa hapa Dodoma hufika na maswali ambayo fomu ya kujiunga haikuyaachia nafasi. Mwanangu ataswali wapi? Ramadhani itakuwaje? Nyama anachinja nani? Wengi huona haya kuyauliza. Mkuu wa shule aliyekomaa kazini huyajibu kabla hayajatamkwa, na kwangu mimi huo ni ufundi kamili, unaostahili heshima tunayompa mwalimu hodari wa hisabati.

Nilimwona mama mmoja, mkuu wa shule ya bweni, akimpokea baba aliyetoka Kondoa na binti yake. Aliitikia shikamoo ya mtoto, akaulizia mvua na safari, kisha akasema bila kuzunguka: “Baba, hapa ni shule ya kanisa. Asubuhi tunaimba na kusali, na msalaba ule ukutani hatuuondoi. Binti yako hatutamshawishi abatizwe. Hijabu atavaa, na chumba cha kuswalia kipo.” Halafu akampeleka jikoni. Mpishi akamweleza mgeni kwamba nyama yao huchinjwa na Mwislamu, na nguruwe haingii katika masufuria yale. Baba akatazama masufuria, akakuna ndevu, akauliza ada hulipwa kwa awamu ngapi. Hapo nikajua ameridhika.

Ninachokipenda zaidi ni ule msalaba kutajwa mapema. Kuna walimu wanaodhani mgeni hutulizwa kwa kufichwa imani ya mwenyeji. Mzazi akija kuugundua mwenyewe baadaye, atajiuliza ni mangapi mengine hakuambiwa.

Na hofu ya wazazi hawa ina historia. Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na familia nyingi za Kiislamu ziliona kwamba bei ya elimu ni dini ya mtoto. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizitaifisha. Shule ya misheni ya Alliance ya hapa mjini, iliyokuja kuitwa Mazengo, iliingia mikononi mwa serikali. Leo hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha St. John's, kilichofunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 2007. Shule za kanisa zimerudi kwa wingi, lakini simulizi za mababu bado zinasikika mezani. Hata suala la kuchinja si dogo: mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Ndiyo maana safari ile fupi ya jikoni ina uzito.

Wajibu huu unazidi pale mzazi asipokuwa na pa kwenda. Buigiri, kando ya barabara ya Morogoro, kuna shule ya wasioona ambayo Kanisa Anglikana liliianzisha mwaka 1950. Mwenye mtoto asiyeona hana shule nyingi za kuchagua, na mtu wa namna hiyo ni rahisi mno kumlazimisha jambo.

Ramadhani, katika shule ya yule mama, jiko huwashwa saa tisa usiku kwa ajili ya daku. Anayeamka kuliwasha ni Mgogo mlokole, na uji wake wa futari una pilipili manga, kama wasichana wenyewe walivyomwelekeza.

Lakini mtihani mkubwa ni msiba. Wakristo wanaweza kusubiri ndugu kwa siku kadhaa. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Simu ikiingia alfajiri kwamba mzazi amefariki, hakuna muda wa kuitisha kikao. Gari lipatikane, mtoto asindikizwe na matroni, na awepo mwalimu wa kiume, kwa kuwa kwa desturi makaburini huenda wanaume. Yule mama ana daftari lenye majina ya walimu wanaozijua njia za vijijini Kondoa, na la dereva asiyezima simu usiku. Mara moja walifika jeneza likiwa bado halijatoka nyumbani, na mwalimu wao akapokezana kulibeba na wajomba wa mtoto.

Kikao cha wazazi kilichofuata, wajomba wale walikaa mstari wa mbele, wakataka waelezwe kwa nini hisabati imeshuka kidato cha pili.