Kuchagua Risasi Njema kwa Bei Nafuu

Mtu akaaye Marekani, akawa na mapenzi ya kulenga shabaha, au ya kuwinda ayala mwenye mkia mweupe majira ya vuli yaingiapo, huwa na milango miwili mbele yake ahitajipo risasi: mlango mpana wa duka kubwa lenye matawi katika majimbo mengi, ambamo mabweta ya risasi hupangwa si mbali na mahema na fimbo za kuvulia samaki, na mlango mwembamba wa duka la silaha la mtaani, ambamo mwenye mali husimama mwenyewe nyuma ya meza yake ya kioo na aghalabu humjua mteja kwa jina. Swali ambalo wanagenzi huniuliza mwanzo ni wapi bei iko chini. Ni swali la haki, kwa kuwa mkono haufunzwi kulenga kwa risasi kumi. Lakini kwangu mimi hilo ni swali la pili, na la kwanza ni hili: risasi njema ni ipi, na mnunuzi ataitambuaje kabla ya kuilipia?

Wazee wetu wa pwani waliotumia gobori hawakuwa na taabu ya kuvipambanua vitu hivi, maana walivishika kimoja kimoja kwa mikono yao: baruti waliipima na kuimimina, risasi waliishindilia, na fataki wakaiweka mahali pake mwisho wa yote. Leo vitu hivyo vimefungwa pamoja kiwandani, nasi twaviita vyote kwa jina moja la risasi, ilhali ndani yake mna vitu vinne vyenye tabia mbalimbali, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa kirukacho. Asiyevijua vinne hivi hana budi kuhukumu kwa picha iliyochapwa juu ya bweta, na picha hiyo imewekwa na muuzaji.

Nianze na ganda, kwa kuwa ndilo lionekanalo. Ganda la shaba njano ndilo bora, nami sina shaka katika hilo: baruti iwakapo, shaba hutanuka ikajibana na kuta za chemba na kuuziba moshi usirudi usoni mwa mlengaji, kisha kufumba na kufumbua hunywea kidogo, ganda likatoka bila ya kushindana na mtambo. Chuma hakina unyumbufu huo kwa kadiri ile, ndiyo maana bunduki nyingine hulikubali ganda la chuma, ambalo ni rahisi, na nyingine hulikataa. Alumini nayo hufaa kwa mazoezi, ila haifai kujazwa upya. Na lau utaona kwenye shingo ya ganda la bunduki ndefu wingu la rangi ya samawati iliyochanganyika na hudhurungi, usidhani kuwa ni uchafu au uzee: ni alama ya moto ambao shingo imepitishwa ili ilainike isipasuke. Viwanda vya jeshi huiacha alama hiyo ionekane, na vya biashara aghalabu huisugua ikatoweka, hata mnunuzi asiye na maarifa huiacha risasi njema kwa sababu ya alama ya wema wake. Ubaya wa kweli uko kwingine: kutu ya kijani juu ya shaba, ganda lililobonyea, fataki iliyochomoza nje ya kitako badala ya kukaa chini kidogo ya usawa wake, au kichwa kilichosukumwa ndani kuliko wenziwe, jambo ambalo huongeza nguvu ya mlipuko kwa kiasi kiwezacho kuvunja silaha.

Fataki zina tarikhi ya ajabu. Katika miaka ya 1860 walitokea maafisa wawili, Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza, kila mmoja na namna yake ya fataki. Ikawa ile ya Mwingereza ndiyo iliyotamalaki Marekani, na ile ya Mmarekani ikaenda kutumiwa na majeshi mengi ya Ulaya. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na kwa hiyo fataki iliyokwisha kutumika hutolewa kwa urahisi na ganda likajazwa tena. La Berdan kwa kawaida lina matundu mawili madogo, na kazi hiyo huwa nzito. Anayetarajia kujaza maganda yake mwenyewe atazame hapo kwanza, kwa sababu ganda libakialo baada ya mlio ni sehemu ya mali aliyoinunua.

Liko jambo kubwa kuliko hilo. Risasi za kale za kijeshi, hasa zilizotoka katika nchi za Ulaya ya Mashariki, nyingi zina fataki iliyotengenezwa kwa klorati ya potasiamu, ambayo ikiwaka huacha chumvi ndani ya kasiba. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari hatuhitaji kuelezwa chumvi inavyokifanyia chuma: huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huzaa kutu, na mafuta ya kusafishia silaha peke yake hayaiyeyushi. Atumiaye risasi hizo sharti aioshe kasiba kwa maji ya moto siku ile ile, aikaushe, ndipo aipake mafuta. Muuzaji mwaminifu atakwambia hayo kabla hujauliza, nami nimeona mara nyingi zaidi mwenye duka dogo akiyasema kuliko karani wa duka kubwa, ambaye huenda jana aliuza viatu na kesho atahamishiwa kwenye baiskeli.

Kichwa ni cha kuchunguzwa kwa sumaku. Vichwa vingi vya bei ya chini vina kiini cha risasi, yaani madini yenyewe ya risasi, na juu yake vimevikwa gamba la chuma laini lililopakwa shaba nyekundu juu juu. Kwa macho hutavipambanua na vile vya shaba tupu, ila sumaku itavinasa. Si haramu, wala si vibovu kwa mazoezi ya uwanja wa wazi, lakini viwanja vingi vya ndani huvikataza kwa sababu hutoa cheche na kuharibu kuta za kupokelea, na mnunuzi aliyejaza gari lake kwa bei ya chini hurudishwa mlangoni. Na kwa mwindaji liko sharti jingine: kichwa kilichofunikwa pande zote, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote, hupenya mnyama bila ya kutanuka na kumwacha akakimbia na jeraha, majimbo mengi hukikataza kwa ayala, na hata pasipo na katazo mimi nakiona kuwa ni dhuluma kwa kiumbe.

Iliyobaki ni baruti, ambayo haionekani, na hapa ndipo ilipo roho ya jambo lote. Wema wa risasi ni usawa. Risasi ya kwanza ya bweta na ya mwisho zinapaswa kuwa na baruti ya kipimo kimoja, vichwa vya uzito mmoja, na mwendo unaokaribiana. Hitilafu ikizidi, hakuna mkono wala jicho liwezalo kuirekebisha. Hili hudhihiri zaidi katika risasi ndogo ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887, ambayo kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 40, kama gramu 2.6, na dawa yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo mwembamba wa kitako. Ukingo ukiwa mzito hapa na mwepesi pale, risasi moja hulia na nyingine hukaa kimya. Huuzwa mia tano kwa pamoja kwa bei ya kuvutia, na kwa kufundishia watoto wa nyumba kushika bunduki kwa adabu hakuna kitu kifaacho zaidi. Lakini anayetaka kuweka matundu matano ndani ya duara la sarafu asiitafute risasi yake katika rundo hilo.

Sasa nirejee kwenye milango ile miwili. Duka kubwa hununua kwa shehena, na kwa hiyo bei yake kwa risasi za kawaida ni ya chini, nayo bidhaa haikai sana rafuni ikapata vumbi. Mnunuzi asitazame bei ya bweta, bali aigawanye kwa idadi iliyomo, maana bweta la bastola aghalabu lina 50, la bunduki ya kuwindia 20, na la bunduki ya marisaa 25, na watengenezaji wengine hupunguza idadi bila ya kupunguza ukubwa wa bweta. Pande zote mbili bei imebeba ushuru wa asilimia 11, ambao fedha yake, kwa sheria ya mwaka 1937 iliyoitwa kwa majina ya Pittman na Robertson, hurudi kwa majimbo kuhifadhi wanyama wa porini. Nao ni katika kodi chache ambazo nazilipa kwa moyo mweupe.

Lakini duka kubwa si la kila risasi. Tarehe 3 Agosti 2019 watu wengi waliuawa kwa bunduki katika duka la Walmart mjini El Paso, Texas, na mwezi mmoja baadaye kampuni hiyo ilitangaza kuwa itaacha kuuza risasi za bastola, pamoja na zile za .223 na 5.56, ikabaki na za kuwindia na za marisaa. Uamuzi huo ulibadilisha njia za wanunuzi wengi, na wako waliorudi kwenye duka la mtaa ambalo hawakulikanyaga kwa miaka.

Huko mtaani watalipa zaidi kidogo, nami sitawaficha. Watapata nini kwa ziada hiyo? Nitoe mfano mmoja. Mtu akiomba risasi za .30-30, mwenye duka ajuaye kazi yake atamwuliza bunduki yake hubeba risasi kwenye bomba lililo chini ya kasiba au la. Ni kwa kuwa ndani ya bomba hilo ncha ya risasi moja hulala juu ya fataki ya ile iliyo mbele yake, na ncha ngumu iliyochongoka yaweza kuiwasha kwa mshtuko mmoja. Kadhalika atahakikisha kwamba mwenye bunduki ya marisaa ya kipimo cha 12 hana mfukoni hata risasi moja ya kipimo cha 20, ambayo huteleza ikakwama ndani ya kasiba na kungoja ya pili iipasue. Ndiyo sababu za kipimo cha 20 hutiwa rangi ya manjano. Swali la namna hiyo lina thamani kuliko dola mbili za tofauti. Hata hivyo si kila duka dogo lina adili: wako wauzao ndani ya mifuko ya plastiki risasi zilizojazwa upya na mtu asiyejulikana, ilhali sheria inamtaka atengenezaye risasi za kuuza awe na leseni. Risasi isiyo na bweta lenye jina la mtengenezaji na nambari ya fungu, yaani ya risasi zilizotengenezwa kwa pamoja, iache pale pale ilipo.

Na nambari hiyo ya fungu ndiyo siri ambayo nimeilipia. Mwaka wangu wa pili wa kuwinda nilinunua mabweta kumi ya .308 katika duka moja kubwa kwa bei iliyonifurahisha, bila ya kujaribu hata moja. Bunduki yangu haikuzipenda: kwa yadi mia zilitawanyika upana wa sahani ya wali, wakati aina nyingine, ya bei karibu sawa, zilikaa ndani ya kisahani cha kahawa. Duka halikuzipokea tena, kwani maduka mengi hayapokei risasi zikishatoka mlangoni, na sababu yao ni njema. Tangu siku ile nanunua bweta moja moja la aina tatu au nne, kwa kawaida mtaani, nazilenga zote siku moja, nachagua moja. Kisha nalitafuta fungu lile lile popote bei ilipo ya chini, ikiwemo kwenye duka kubwa, nikanunua za mwaka mzima. Kwangu hukumu ni hiyo: mtaani kwa kuchagua, matawini kwa kujaza ghala.

Wenzangu tuliotoka Afrika ya Mashariki niwaongezee maneno mawili. Sheria ya shirikisho huruhusu duka lenye leseni kuuza risasi za bunduki ndefu kwa aliyetimiza miaka 18 na za bastola kwa aliyetimiza 21. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa jumla amekatazwa hata kuzimiliki, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda au ruhusa nyingine iliyotajwa na sheria. Na ufungapo mzigo wa kurudi Mombasa au Dar es Salaam, pekua kila mfuko wa koti ulilovaa porini, kwa kuwa risasi moja iliyosahauliwa ni kosa kubwa kwenye uwanja wa ndege.

Mabweta yako yaweke mahali pakavu pasipo joto, mbali na watoto. Bweta la kwanza lililoridhisha bunduki yako usilitupe hata likiwa tupu. Nambari iliyo ubavuni mwake ndiyo utakayokwenda nayo dukani.