Miiba Miwili, Miiba Mitatu

Gari halijasimama sawasawa kando ya barabara ya Isiolo kwenda Archers Post, mimi nilikuwa nimeshatoa jibu. Kichaka kimejaa maua meupe, miiba imepinda kama kucha za paka, nyuki wanavuma. "Kikwata," nikasema. Mwalimu hakunijibu. Alishuka taratibu, akavaa glavu ya ngozi mkono wa kushoto peke yake, akasimama hatua tano kutoka kichakani, akakitazama kuanzia chini.

Kwa Kiswahili, jina la kikwata hubeba vichaka viwili. Silioni kuwa kosa la lugha, maana aliyenaswa shati na miiba ile hana haja ya kuuliza ukoo. Lakini Wasamburu wanaochunga mbuzi huku, mlima Ololokwe ukionekana kwa mbali, wana majina mawili: iti na lderkesi. Iti ni wa nyuki, na matawi yake huzungushiwa boma; lderkesi ndio unaotoa gundi ya arabu, ile inayotiwa kwenye soda na peremende. Mwalimu amestaafu baada ya miaka mingi ya kupanga mimea iliyokaushwa kwenye hebaria, na huwauliza wachungaji kwanza kabla ya kufungua kitabu.

"Usianze na ua," aliniambia. "Ua linavuta macho. Anza na mwiba."

Alivuta tawi kwa mkono wenye glavu, akalielekeza kwenye mwanga. Swali la kwanza kwa mgunga wowote, kikwata kikiwamo, ni miiba ilikotoka. Migunga mingine ina miiba iliyonyooka, miwili miwili, ambayo asili yake ni vipande vidogo vya kando ya shina la jani vilivyogeuka kuwa miiba. Hiyo siku hizi inaitwa Vachellia. Mingine miiba yake huchomoza kwenye ngozi ya tawi, imepinda kama ndoana. Hiyo ni Senegalia. Zamani yote iliitwa Acacia, na majina haya mawili mapya bado yanawauma wengi. Mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 ulikubali jina la Acacia libaki na jamaa zao wa Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha. Mwalimu huandika jina jipya kwa wino, kisha la zamani kwa penseli chini yake, maana kabati nzima za karatasi ziliandikwa kwa lile la zamani.

Miiba yetu ilikuwa ya ndoana. Basi akaanza kuhesabu. Iti, yaani Senegalia mellifera, una miiba miwili kwenye kila kifundo. Lderkesi, Senegalia senegal, una mitatu: miwili ya pembeni imepinda kuelekea juu, wa katikati umepinda kuelekea chini. Ningeangalia kifundo kimoja nikaondoka. Yeye alipanda na ncha ya penseli kifundo baada ya kifundo, hadi ishirini, kwa sababu mwiba wa kati huvunjika. Pale palipokosekana kitu alisugua gome kwa kidole gumba akitafuta kovu. Hapakuwa na kovu hata moja. Miwili, miwili, miwili, hadi mwisho wa tawi.

Ndipo akaenda kwenye jani. Jani la mgunga limegawanyika mara mbili: bua la kati lina vijitawi vya pembeni, na kila kijitawi kina jozi za vijani. Lderkesi una vijani vidogo mno, jozi saba na zaidi kwa kijitawi. Iti una jozi moja tu, mara chache mbili, na vijani vyenyewe ni vipana. Kichaka hiki kilikuwa kimeanza kuchanua kabla ya kuvaa majani, kama ilivyo kawaida ya iti mvua za masika zikikaribia, kwa hiyo alitafuta kwa robo saa nzima mpaka akapata chipukizi mbili upande wa kivuli.

Ua lilikuja mwisho. Alichuma shuke moja fupi, akalileta karibu na lenzi iliyoning'inia shingoni, karibu kabisa na jicho, akanipa na mimi. Nikaona nilichokuwa nimepita nacho maisha yangu yote: kila kiua kimesimama juu ya kikonyo chake, kifupi mno, chembamba kama uzi. Maua ya lderkesi hayana kikonyo. Hukaa moja kwa moja juu ya bua. "Iti," akasema Mwalimu. Mellifera kwa Kilatini maana yake ni mzaa asali, na nyuki walikuwa wakitambaa hadi kwenye glavu yake.

Hatua mia mbili mbele tulikuta kichaka cha pili, nami safari hii nikanyamaza. Miiba miwili. Lakini vijitawi vya jani vilikuwa jozi tatu, na vijani jozi nne kwa kila kimoja: vingi mno kwa iti, vichache mno kwa lderkesi. Mwalimu alirudia hesabu kwenye majani kumi na mawili. Akafungua juzuu ya Brenan ya mwaka 1959, mojawapo ya zile za Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, akasoma akifuata mstari kwa kidole. Upo mgunga wa tatu, Senegalia laeta, na wapo wataalamu wanaoona kwamba ulitokana na kuchanganyika kwa hao wawili. Hakusema kwamba ndio huo.

Alikata tawi kwa mkasi wa kupogolea, akapunguza miiba ya upande mmoja isichane karatasi, akalilaza kati ya magazeti haraka kabla vijani havijajikunja. Akageuza jani moja ili upande wa chini uonekane, akaongeza kadibodi, akafunga mbao mbili kwa mikanda na kuikaza kwa goti.

Usiku, kambini, alibadilisha magazeti yaliyolowa. Vijani vitatu vilikuwa vimeshadondoka. Akaviokota kwa ncha ya kisu, akavitia kwenye bahasha ndogo, akaiandika namba ya lile tawi. Kwenye lebo alijaza mahali, tarehe, mwinuko, aina ya udongo, rangi ya ua likiwa bichi. Mstari wa jina aliuacha wazi. Akafunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Kingine kama hicho alikuwa amekifunga kwenye kile kichaka, aje akione tena maganda yakikomaa.